Kuhifadhi Vyombo vya Nyumbani Stoo: Nani Anashika Ufunguo?

Mpangaji wa Dar es Salaam ambaye kodi yake imekwisha kabla hajapata nyumba nyingine hulazimika kutafuta mahali pa kuhifadhi kitanda, kabati na jokofu. Mara nyingi stoo hupatikana mtaani kwake: nyuma ya duka, au katika fremu isiyo na mpangaji. Ukaribu huo una faida, kwani gharama ya kirikuu hupungua na mwenye mali huweza kupita kukagua. Malalamiko huanza mali inapopotea, na hakuna karatasi inayoonyesha walikubaliana nini.

Swali la kwanza ni nani atakayeshika ufunguo. Mlaji anayekodi chumba, akafunga kwa kufuli lake na kuondoka na ufunguo, kwa kawaida ni mpangaji tu. Mwenye chumba hakukabidhiwa mali. Lakini mali inapokabidhiwa kwa mwenye stoo ili aitunze na kuirudisha, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Bei haitamwonyesha mlaji tofauti hiyo, maana yote mawili huitwa "kukodi stoo". Tunashauri iandikwe wazi katika mkataba.

Vibao vya "Hatutahusika na upotevu wa mali" vimezoeleka. Kibao ambacho mlaji hakuonyeshwa kabla ya kukubaliana hakipaswi kuhesabiwa kuwa sehemu ya makubaliano. Alichokisoma kisha akalipa kinaweza kumbana.

Orodha ya mali itaje kila kitu na hali yake, hata mikwaruzo, na isainiwe na pande zote mbili. Maneno "vyombo vya nyumbani" pekee hayamsaidii mtu. Picha zipigwe siku hiyohiyo, na risiti ya EFD idaiwe.

Kabla ya masika, yaani Machi hadi Mei, mlaji akague alama za maji ukutani na ahakikishe magodoro yamewekwa juu ya chaga. Jokofu likaushwe na mlango wake uachwe wazi kidogo; aliyewahi kusahau hilo hahitaji maelezo yetu.

Mkataba useme pia malipo yakichelewa mlaji atapewa notisi ya siku ngapi kabla mali yake haijaguswa. Wizi uripotiwe polisi mara moja. Anayelalamikia huduma afike ofisi za Tume akiwa na mkataba, orodha na risiti.