Kubadilisha Plagi za Pikapu Iliyotembea Sana

Plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Umeme wa maelfu ya volti huruka mwanya wa takriban milimita moja kati ya ncha ya katikati na ncha ya pembeni, na kila cheche hula chembe ndogo ya chuma. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji cheche 1,500. Haishangazi basi kwamba ncha iliyotoka dukani na kona kali huja kuwa butu, na mwanya ukapanuka. Plagi za kawaida za nikeli huhimili kilomita 30,000 hadi 40,000 hivi. Za iridiamu na platinamu zinaweza kufika 100,000 na zaidi.

Mwanya ukipanuka, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke, nayo huchoka mapema. Gari huanza kumisi, hasa likipanda mlima na mzigo. Asubuhi huwaka kwa taabu, petroli huisha haraka, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Petroli isiyoungua hupita hadi kwenye ekzosi na kuunguza kifaa cha kusafishia moshi, ambacho bei yake huzidi plagi mara nyingi.

Pikapu nyingi za Afrika Mashariki hutumia dizeli, na hizo hazina plagi za cheche. Za petroli zipo, mfano Toyota Hilux yenye injini ya 2TR-FE ya lita 2.7: silinda nne, na koili moja juu ya kila plagi. Kwenye injini mpya kazi hii ni ya muda mfupi tu. Kwenye injini iliyotembea sana, kazi kubwa ni kutoa plagi za zamani.

Injini iachwe ipoe kabisa, kwa sababu meno ya hedi ya alumini huharibika kwa urahisi yakiwa ya moto. Koili zikishatolewa, vumbi lililo kwenye mashimo lipulizwe kwa kompresa kabla ya kugusa plagi. Chembe moja ya mchanga ikidondokea ndani ya silinda hukwaruza kuta zake. Shimo likikutwa na oili, sili za tapeti kava zimechoka na zibadilishwe papo hapo, la sivyo oili itaharibu mpira wa koili mpya pia.

Plagi ilegezwe kidogo sana, kisha idondoshewe dawa ya kulegezea kutu na iachwe kwa muda. Baada ya hapo izungushwe mbele na nyuma, kila mara ikisogea zaidi kidogo. Ikianza kulia na kukaza, mkono usimame, dawa iongezwe. Fundi mwenye haraka huishia kung'oa meno.

Mfano maarufu wa balaa la kutoa plagi za zamani ni wa Marekani, kwenye Ford F-150 za 2004 hadi 2008 zenye injini ya V8 ya lita 5.4 na valvu tatu kwa kila silinda. Plagi zake za awali ziliundwa kwa vipande viwili, na kipande cha chini kilijitokeza ndani ya chumba cha kuunguzia mafuta. Masizi yalikigandisha pale, hivyo fundi alipofungua, sehemu ya juu ilitoka peke yake. Ford ililazimika kuwatolea mafundi wake waraka wa namna ya kuzitoa, na viwanda vya zana vikatengeneza vifaa maalumu vya kuvuta vipande vilivyobaki. Wenye magari hayo bado wanalipia kosa la mchoraji.

Plagi zilizotoka zipangwe kwa mfuatano wa silinda, maana ni kama vipimo vya hospitali. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi kupita kiasi au chujio la hewa lililoziba. Nyeusi yenye oili ni ringi au sili za valvu zilizochakaa, na hapo plagi mpya haitaponya kitu. Nyeupe yenye malengelenge ni joto la kupindukia.

Mpya ziwe za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, zinunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kwani za bandia ni nyingi sokoni. Mwanya upimwe kwa uangalifu. Ncha ya iridiamu ni nyembamba na huvunjika ikisukumwa. Plagi ianzwe kwa vidole hadi ikae, ndipo ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Pasipo spana hiyo, plagi mpya yenye washa huongezwa takriban nusu mzunguko, basi.

Gari likiendelea kumisi, kompyuta hutaja silinda yenye hitilafu: P0301 ni ya kwanza, P0302 ya pili, na kadhalika. Koili ya silinda hiyo ibadilishane na ya silinda nyingine, namba ifutwe, gari liendeshwe. Hitilafu ikihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu.