Kusi, Kaskazi na Kilomita kwa Saa: Lugha ya Upepo katika Utabiri wa Bahari

1.0 Utangulizi

Mvuvi wa mwambao wa Tanzania au Kenya anapotweka tanga leo huwa amekwisha kusikia lugha mbili za upepo. Ya kwanza ameirithi kwa wazee wake: kusi, kaskazi, matlai, umande. Ya pili huisikia redioni au kuisoma katika simu: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Zote mbili ni Kiswahili, na zote mbili hueleza bahari ile ile. Hata hivyo, hazipimi kwa kipimo kimoja. Mhadhara huu unachunguza uhusiano wa lugha hizo mbili. Hoja yake ni kwamba utabiri ulio sahihi kisayansi waweza kupotea njiani kutokana na maana za maneno yanayoubeba, na kwamba msamiati wa wanamaji unaweza kusaidia kuufikisha salama.

2.0 Msamiati wa Kurithi

Pepo kuu za Bahari ya Hindi ya magharibi huongozwa na tofauti ya joto baina ya bara la Asia na bahari iliyo kusini yake. Kuanzia takriban Desemba hadi Machi, bara hilo hupoa, mgandamizo wa hewa huko huwa mkubwa, na hewa huvuma kutoka kaskazini mashariki kuelekea mwambao wa Afrika. Hiyo ndiyo kaskazi. Kuanzia takriban Aprili, Asia inapopata joto, mambo hugeuka: hewa hutoka kusini mwa Ikweta na kuvuma kuelekea kaskazini. Hiyo ndiyo kusi, ambayo hukaza zaidi kati ya Juni na Agosti. Kusi inapolegea huingia demani. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha upepo mwepesi usiotulia, kiitwacho maleleji au tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kusafiri upande wowote kati ya pande mbili.

Majina haya si vibandiko tu. Matlai, upepo wa mashariki, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mawio. Umande, upepo utokao nchi kavu, limechukua jina la unyevu wa alfajiri, na kwa hiyo humwambia msikilizaji upepo unatoka wapi na unavuma wakati gani. Aidha, maneno kaskazini na kusini yameundwa kwa kuongeza kiambishi cha mahali -ni kwenye majina ya pepo. Yaani, kwa Mswahili, dira ilizaliwa na upepo: kaskazini ni kule itokako kaskazi. Hata neno msimu, kutoka Kiarabu mawsim, limefungamana na historia hiyo, maana ndilo neno ambalo kupitia Kireno liliingia katika lugha za Ulaya na kuwa jina la pepo hizi za Bahari ya Hindi.

Msamiati huo ulikuwa na kalenda yake. Mwaka wa Kiislamu, kwa kuwa hufuata mwezi, huzunguka katika majira yote na hauwezi kumwambia nahodha lini kusi itaanza. Kwa hiyo wanamaji na wakulima wa mwambao waliutumia mwaka wa jua wa Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Sherehe ya Mwaka Kogwa, inayofanyika Makunduchi, Unguja, kila Julai, ni masalia hai ya hesabu hiyo. Hivyo basi, wahenga nao walitabiri. Lakini utabiri wao ulikuwa wa msimu, si wa siku ya kesho.

3.0 Lugha ya Vipimo

Pengo hilo la siku ya kesho ndilo linalozibwa na taasisi kama Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kuwa katika kusi si habari kwa mvuvi; habari ni kwamba keshokutwa kusi itakaza kupita kawaida. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka. Jina la msimu peke yake halitofautishi siku kama hiyo na siku nyingine za Julai.

Hata hivyo, vipimo navyo vina mitego ya kiisimu. Kwanza ni kitenzi fikia. Mtu akiambiwa mawimbi "yanayofikia mita 2", huelewa kuwa hapo ndipo mwisho wake. Lakini katika hesabu za utabiri wa bahari duniani, urefu unaotajwa kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Kwa hiyo wimbi moja moja laweza kukaribia urefu mara mbili ya huo. Mwanahesabu anataja wastani. Msikilizaji anasikia kikomo. Kwa mwenye ngalawa, tofauti hiyo ni ya uhai na mauti.

Upepo nao ni vivyo hivyo. Kasi inayotajwa aghalabu ni ya wastani, ilhali kinachopindua chombo mara nyingi ni dharuba, yaani pigo la ghafla la upepo. Kiswahili kinalo neno hilo, nalo linafaa kutajwa kando ya kasi ya wastani.

Pili ni maneno ya ngazi. Matangazo ya Tanzania hupanga hatari kwa kufuata mpangilio huu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Katika matumizi ya kawaida angalizo na tahadhari hukaribiana mno kimaana, na hakuna kitu katika maumbo yake kinachoonyesha lipi ni zito zaidi. Neno wastani nalo hubeba mizigo miwili: katika hesabu ni kiasi kinachopatikana kwa kugawanya, na katika tangazo ni ngazi ya kati ya uwezekano au ya athari.

Tatu ni kimbunga. Mitaani neno hili hutajwa kwa upepo wowote wa nguvu unaozunguka. Kitaalamu, katika Bahari ya Hindi ya kusini magharibi, mfumo hupewa hadhi hiyo kasi ya wastani ya upepo wake inapofikia takriban kilomita 118 kwa saa. Vimbunga huwa adimu karibu na Ikweta, lakini si hadithi: mwaka 1952 kimoja kiliipiga Lindi, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia ikiwa imekwisha kupungua nguvu. Tangazo kwamba mfumo "si kimbunga tena" ni sahihi kitaalamu. Lakini kwa asiyeijua mizani hiyo laweza kusikika kana kwamba hatari imekwisha, ilhali upepo na mvua bado vipo.

4.0 Kuziunganisha Lugha Mbili

Njia ya kutoka hapa si ngeni. Mwaka 1805 Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipanga ngazi za upepo kwa kutazama matanga ya meli. Baadaye ngazi hizo zilielezwa pia kwa sura ya bahari. Katika mizani hiyo, kilomita 40 kwa saa huangukia ngazi ya 6: mawimbi makubwa huanza kujitokeza na povu jeupe hutanda kila mahali. Maelezo ya namna hiyo hayahitaji kifaa, yahitaji macho. Tangazo likisema "kusi itakaza, bahari itajaa povu jeupe, dharuba zitapita kasi iliyotajwa, na baadhi ya mawimbi yatapita mita 2", linakuwa limehifadhi tarakimu na limempa mvuvi kitu cha kukilinganisha na anachokiona.

5.0 Hitimisho

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanasayansi wa hewa peke yao, wala wanaleksikografia peke yao. Kamusi zinazofafanua maleleji kwa mstari mmoja hazijaeleza bado kile nahodha anachokijua. Wazee wanaoyatumia maneno haya wakiwa kazini wanapungua, na kila neno linalotoweka huondoka na maelezo ya upepo fulani, wa saa fulani, mahali fulani. Kuyakusanya, kuyapima pamoja na takwimu, na kuyarudisha katika matangazo ni kazi ya taaluma za Kiswahili kwa maana yake kamili. Mwenye kunufaika nayo kwanza ni yule anayesimama ufukweni alfajiri, akiitazama bahari, akiamua kama ataingia au atasubiri.