Kuunda Impala Mezani (2): Uzito wa Pua na Hewa ya Durban

Juma lililopita tuliichagua ndege yetu, Impala, jeti iliyobuniwa na Aermacchi ya Italia na kuundwa kwa leseni katika kiwanda cha Atlas, Kempton Park, kuanzia mwaka 1966. Sisi wa Durban hatukuiokota tu. Skwadroni ya 5 ya jeshi la anga la Afrika Kusini iliirusha kutoka uwanja wa Louis Botha, kusini mwa jiji, si mbali na Chatsworth, mtaa walikohamishiwa kwa sheria za ubaguzi Wazanzibari wa hapa, vizazi vya watumwa walioachwa huru na kuletwa Natal tangu mwaka 1873.

Wapo watakaouliza kwa nini tuihangaikie ndege ya makaburu. Ni kweli, Impala ziliruka kutoka Ondangwa, kaskazini mwa Namibia, zikashambulia Angola. Mimi naiunda kwa sababu hiyohiyo. Waliorushiwa mabomu waliiona kwa sekunde chache tu. Sisi tuna nafasi ya kuitazama polepole, kila bati na kila ribiti.

Skeli yetu ni 1/72. Rubani wa futi sita anakuwa inchi moja kamili, na ndege ya mita kumi na ushei inakuwa karibu sentimita 15. Kumbuka hesabu hii kila unaposhika brashi: tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwenye ndege halisi lingekuwa milimita 7. Hakuna ndege iliyopakwa hivyo. Ndiyo maana tunapulizia, hatupaki.

Kabla ya kugandisha nusu mbili za kiwiliwili, shughulikia pua. Impala husimama kwa magurudumu matatu, moja mbele na mawili chini ya mabawa. Kwenye ndege halisi, uzito wa injini iliyo nyuma unasawazishwa na marubani, vyombo na mitambo ya mbele. Plastiki yetu ni tupu, kwa hiyo itakalia mkia. Dawa yake inauzwa kwenye duka lolote la wavuvi hapa pwani: chubwi. Funga nusu hizo kwa utepe, ziweke juu ya rula mahali pa magurudumu ya nyuma, kisha ongeza chubwi puani mpaka ndege iiname mbele. Ikishainama, ongeza moja zaidi, maana rangi na bomba la kutolea moshi bado havijaingia. Zibane chubwi hizo kwa gundi imara. Ikibanduka baada ya kufunga, itagongagonga ndani na huwezi kuifikia tena.

Sasa rangi, na hapa Durban ina sheria zake. Modeli yangu ya kwanza niliipulizia vanishi Januari, madirisha wazi, hewa ya Bahari ya Hindi ikiingia. Baada ya dakika chache ilifunikwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Nikadhani vanishi ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Kiyeyushi kinapopaa kwa haraka huchukua joto la pale kilipo, uso wa plastiki ukapoa, na mvuke wa hewa nzito ukagandia juu yake na kunaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka.

Kompresa nayo hukamua maji kutoka hewani, kisha huyatema kama matone katikati ya bawa. Funga chujio la maji kwenye mpira, karibu na mkono wako, na ulimwage kila unapopumzika. Ukiweza, subiri kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa inapokauka. Asiyeweza kusubiri apulizie tabaka jembamba, aache likauke, ndipo arudie.

Vanishi ikikaa vizuri, ifunike ndege kwa bakuli kubwa isishike vumbi, na isiguswe siku mbili. Ngome ya pembe tano, alama ya jeshi hilo la anga iliyochukuliwa kwenye umbo la ngome kongwe ya Cape Town, tutaibandika juma lijalo.