Kapu Linalokumbuka na Kapu Linalosahau

 Leo nawapeleka mbali, kusini mwa jimbo la New Mexico huko Marekani, kwenye jangwa lenye mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Jangwa hilo linaitwa White Sands. Jeshi la Marekani hufanyia hapo majaribio ya makombora, na ni katika eneo hilohilo, upande wa kaskazini, ambapo bomu la kwanza la atomiki lililipuliwa mwaka 1945. Sasa niambieni: ukisimama pale alfajiri, ni mnyama gani mwenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki anayeweza kupita mbele yako?

Ni choroa! Si yule wa Tsavo hasa, ila ni ndugu yake wa damu, aliyetolewa ukoo wa Kalahari, kusini mwa Afrika. Kati ya mwaka 1969 na 1977, idara ya wanyamapori ya New Mexico iliwaachia hapo choroa wasiofika 100 ili wawindaji wapate mnyama mkubwa mahali pakame. Kalahari choroa huishi akimwogopa simba. White Sands hakukuwa na simba wa kumkimbiza. Wakazaana mpaka wakawa maelfu, na leo jimbo linataka wapunguzwe kila mwaka.

Lakini pamoja na wingi wao, hakuna anayejiingilia tu na bunduki yake. Kuwinda choroa ndani ya uwanja ule wa makombora ni nafasi ya mara moja maishani, nayo hupatikana kwa kura. Kura hiyo ndiyo hadithi yangu ya leo.

Huko Marekani mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba, hata kama analala kwenye nyasi zake. Ni mali ya umma. Kila jimbo huhesabu wanyama wake, likaamua bonde hili wanaweza kutoka madume wawili, mlima ule mmoja, kisha likatoa vibali kwa idadi hiyo. Kibali huja na lebo ambayo mwindaji sharti aifunge kwenye mnyama akishamwua. Lebo moja, mnyama mmoja. Vibali vikiwa 2 na waombaji 400, hakuna njia ila kupiga kura.

Mtaniuliza, mbona vibali ni vichache hivyo? Basi sikilizeni habari za kondoo mwitu wa milimani, yule ambaye dume lake hubeba pembe nene zilizojikunja kando ya mashavu kama gamba la konokono. Zamani milima ya magharibi ilijaa kondoo hao. Wakaja wachimba dhahabu na bunduki zao, na nyuma yao wafugaji na makundi ya kondoo wa kufugwa. Kondoo wa kufugwa hubeba puani vijidudu vya homa ya mapafu, naye anaendelea kula nyasi kama hana neno. Kondoo mwitu akimkaribia huambukizwa, anaanza kukohoa, anakufa. Hata wanaopona huweza kuwaambukiza watoto wanaozaliwa baadaye, na mama akabaki bila kitoto. Mabonde mengi yalibaki matupu kabisa.

Kuwarudisha kumegharimu kazi ya vizazi. Watu huwakamata kwa nyavu zinazorushwa kutoka kwenye helikopta, wakawafunga macho ili wasihangaike, wakawabeba wakining'inia kwenye mifuko chini ya helikopta hadi mlima mwingine. Sehemu kubwa ya fedha za kazi kama hizi hutoka kwa wawindaji wenyewe, kwa ada za vibali na kwa kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa kwa kazi hiyo na sheria ya mwaka 1937. Kwa hiyo kibali kimoja cha kondoo kina jasho la watu wengi nyuma yake. Na kina thamani: mwaka 2013 kibali kimoja cha jimbo la Montana kiliuzwa mnadani kwa dola 480,000, na fedha zikaenda kuwatunza kondoo. Vibali vya mnada ni vichache mno, nami nafurahi kuwa ni vichache. Vingeuzwa vyote namna ile, mtoto wa fundi wa magari asingeuona mlima ule maisha yake yote. Kwenye kura, jina lake na la tajiri huingia kapu moja.

Tatizo ni kwamba kila jimbo lina kapu lake, na makapu hayafanani. Hapo ndipo watu wazima huumwa vichwa. Mimi nayagawa mafungu mawili: kapu linalosahau na kapu linalokumbuka.

New Mexico na Idaho yana makapu yanayosahau. Umeomba miaka 20 ukakosa? Jirani aliyeomba leo kwa mara ya kwanza yuko sawa na wewe. Ila angalieni mgawo. New Mexico, katika kila vibali 100, wenyeji wa jimbo hupewa 84, wanaokwenda na mwongozaji wa uwindaji 10, na wageni wanaojitegemea 6. Mgeni akisikia vibali ni vingi, ajiulize kwanza vilivyo vyake ni vingapi.

Idaho wana kanuni ninayoipenda sana. Kuna kondoo mwitu, kuna mbuzi wa milimani, na kuna musi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi na pembe pana kama sinia. Unaruhusiwa kuomba mmoja tu kati ya hao watatu, na ukimwomba, mwaka huo unaziacha kura za elki, aina ya kulungu mkubwa, na za paa. Mtu anayetaka kila kitu hukata tamaa akaondoka. Kapu hupungua majina, na aliyebaki hupata nafasi nzuri zaidi.

Sasa kapu linalokumbuka. Nevada, kila mwaka unaokosa hupewa pointi, na pointi hizo huzidishwa kwa zenyewe, kisha huongezwa moja. Chukueni maharagwe mjaribu. Mwenye pointi 1 anaweka kapuni maharagwe 2. Mwenye pointi 10 anaweka 101. Tofauti ni kubwa, lakini yule wa maharagwe 2 bado yumo, na mkono unaweza kuliokota lake.

Wyoming ni jambo jingine. Kwa kondoo mwitu na musi, robo tatu ya vibali huwaendea wenye pointi nyingi kuliko wote, kama foleni ya maji bombani, na robo iliyobaki hupigiwa kura ya wote. Foleni hiyo imeanza tangu miaka ya 1990. Tuseme bonde fulani foleni hupewa vibali 2 kwa mwaka, na mbele wamesimama watu 60 wenye pointi sawa. Hao peke yao watamaliza miaka 30, na nyuma yao kuna mamia. Anayeingia leo mkiani anahesabu miaka ambayo hana. Nalisema hili kwa uchungu, maana wapo wazee waliosimama kwa uaminifu mpaka zamu yao ikafika, wakati magoti yalikuwa yamekwisha kuchoka na mlima.

Basi tuseme yupo msichana wa miaka 12 anayeishi nje ya majimbo haya yote. Ningekuwa babu yake, Nevada ningemwambia aanze kukusanya pointi mapema, kwa sababu anao muda, na kule muda huzidishwa. Foleni ya Wyoming asiitegemee. Fedha zake nyingi azipeleke kwenye makapu yanayosahau, akijua kwamba New Mexico hudai bei yote mapema na kuirudisha ukikosa, hivyo fedha lazima ziwepo mezani siku ya kuomba.

Na tuseme amechagua Idaho, akamchagua mbuzi wa milimani. Yuko mezani na mama yake, taarifa za mwaka uliopita wamezitandaza mbele yao. Bonde la kwanza linasifika kwa madume wakubwa na barabara hufika karibu. Vibali 2, waombaji 90. La pili halina barabara, ni mwendo wa siku nzima kwa miguu; vibali 2, waombaji 24. Anagawanya kwa penseli, kwa makisio tu. Moja kwa 45. Moja kwa 12. Anamtazama mama yake miguuni, halafu anatazama miguu yake mwenyewe, kisha anaandika namba ya bonde la pili.