Kiswahili katika Historia ya Katiba ya Kongo: Mfano wa Vitshumbi

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, katika eneo la Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Kwa kuwa kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, sheria ndiyo iamuayo nani avue, wapi, na kwa nyavu zipi. Sheria hiyo huandikwa kwa Kifaransa, ilhali wavuvi na wachuuzi huelewana kwa Kiswahili. Je, katiba yasemaje juu ya pengo hili?

Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilitungwa na Bunge la Ubelgiji. Katiba ya Luluabourg (Kananga ya leo), iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 1964, ilipigiwa kura ya maoni lakini haikudumu, kwani Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965. Katiba yake ya tarehe 24 Juni 1967 ilimpa rais mamlaka makubwa, na marekebisho ya 1974 yakakifanya chama cha MPR kuwa dola yenyewe. Zikafuata hati za mpito za 1994, 1997 na 2003. Hatimaye, baada ya kura ya maoni ya Desemba 2005, ilitangazwa katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo ilirekebishwa mwaka 2011.

Ibara ya 1 ya katiba hiyo yakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba kuwa lugha za taifa. Lililo zito zaidi limo katika Ibara ya 142: serikali yapaswa kusambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne katika muda wa siku 60 tangu itangazwe. Aidha, Ibara ya 18 yataka mtu akamatwaye aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa, katika lugha aielewayo.

Haki hizi mbili zategemeana. Mvuvi aliyekamatwa penye mazalio ya samaki hawezi kuelezwa kosa lake barabara ikiwa sheria yenyewe haijapata maneno ya Kiswahili. Wala tafsiri yoyote haitoshi: palipoandikwa "dola", msomaji wa Kivu amezoea kusema "leta", neno lililotokana na Kifaransa. Kazi ya wanaisimu, basi, ni kuziandaa istilahi zitakazoeleweka Vitshumbi kama zieleweavyo Kinshasa. Pasipo hizo, Ibara ya 142 itabaki ahadi.