VUGA: KIJIJI CHA MLIMANI KILICHOTAWALA NCHI

Msafiri atokaye Mwihoko, Ruiru au Thika kwenda Tanga kwa njia ya Moshi, akisha kupita Same huona ukuta mrefu wa milima upande wake wa kushoto. Kwanza ni milima ya Pare, kisha Usambara. Hupita Mazinde, halafu Mombo, na huko juu ya Mombo, mahali pasipoonekana na mwenye haraka, ndipo kilipo kijiji cha Vuga. Leo ni kijiji cha wakulima katika mkoa wa Tanga, lakini kwa zaidi ya miaka mia kilikuwa mji mkuu wa ufalme wa Wasambaa.

Wenyeji waliigawa nchi yao sehemu mbili: Shambaai, yaani mlimani, na nyika, yaani tambarare. Mlimani kuna baridi na mvua, na migomba hustawi; nyikani kuna joto, ukame na homa. Kwa hiyo wazee walipenda kujenga karibu na ukingo wa mlima, wapate kulima migomba juu na mahindi chini. Shamba moja likishindwa, la pili liliokoa nyumba.

MBEGHA MWINDAJI

Wazee husimulia kwamba ufalme ulianzishwa na Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu. Alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamhofu kuwa mwenye kisirani. Alipofika Usambara aliwaua nguruwe-mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Huko Vuga aliua simba, na watu wakamtawaza. Hayo yalikuwa katika karne ya 18. Masimulizi haya yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi.

Ufalme ulifikia kilele chake wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwaka 1815 hivi hata 1862. Aliwaweka wanawe kuwa watawala wa wilaya, na amri yake ilifika karibu na pwani. Mmisionari Krapf alimzuru mwaka 1848 na tena 1852. Mwaka 1857 walikuja Burton na Speke. Kimweri alikuwa mzee mgonjwa, naye alitumaini kupata dawa kwa wageni hao. Hata hivyo hawakuruhusiwa kulala mjini, maana mji wa mfalme haukuwa wa kila mtu kuingia.

BIASHARA YASHINDA MLIMA

Mlima uliokuwa ngome ya Vuga ndio uliokuja kuiponza. Misafara ya pembe za ndovu haikupanda huko; ilipita nyikani, na njiani palikuwa na Mazinde, alikotawala Semboja, mwana wa Kimweri. Kwa biashara hiyo Semboja alijipatia bunduki nyingi. Baada ya Kimweri kufa, kiti alipewa mjukuu wake Shekulwavu, lakini Semboja alimfukuza na Vuga ikateketezwa. Jambo la kuangaliwa ni hili: Semboja hakuhamia katika mji ule alioushinda. Alimweka mwanawe huko, mwenyewe akabaki Mazinde, penye soko. Vita vilivyofuata viliivunja nchi vipande vipande.

Wajerumani walipoingia walijenga makao yao Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, nayo pia ilipita chini. Hata hivyo, heshima ya Vuga haikuzimika mara moja, kwa kuwa watawala wa ukoo wa Mbegha waliendelea kukaa huko mpaka mwaka 1963, utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika.

Watu wa Thika hawatashangazwa na habari hizi. Reli kutoka Nairobi ilifika kwao mwaka 1913, na mji ukakua pale ilipofika. Vuga ilikuwa na mvua, migomba, ngome na jina kubwa. Ilichokosa ni njia.