Siku za kisima ndizo bei ya jotoardhi

Kisima kimoja cha mvuke Olkaria, karibu na Naivasha, huchimbwa hadi takriban mita 3,000 kwenda chini, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kila siku ina bili yake: dizeli, mabomba, saruji, maji, mishahara, chakula cha kambini. Kwa kawaida uchimbaji humeza kati ya theluthi na nusu ya mtaji wa mradi wa jotoardhi, na fedha hizo hutoka kabla ya uniti moja ya umeme kuuzwa. Anayepunguza siku za kisima anapunguza bei ya umeme.

Kenya ina uzoefu wa miongo mingi katika kazi hii. Visima vya majaribio vilichimbwa Olkaria tangu miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza wa kufua umeme, wa megawati 15, ukaanza kazi mwaka 1981. Leo mvuke hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi. Kampuni ya serikali ya GDC ilipoundwa mwaka 2008, ilipewa jukumu la kubeba hatari ya visima vya mwanzo ili wawekezaji waje mvuke ukiwa umeshapatikana. Ikanunua mitambo yake ya kuchimbia na kuipa majina kama Simba na Kifaru.

Lakini kumiliki mtambo hakutoshi. Siku nyingi hupotea kekee ikiwa haigusi mwamba. Maji ya kuchimbia hutorokea kwenye nyufa na kuacha vumbi la mwamba limebana bomba. Saruji ya kushikilia mabomba ya ukuta husubiriwa ikauke. Kipuri kidogo kikikosekana, mtambo mzima husimama. Huko Menengai, eneo jingine la jotoardhi nchini Kenya, baadhi ya visima vilikutana na miamba iliyoyeyuka katika kina cha takriban mita 2,000, nayo mabomba yakakwama.

Mfano wa kupunguza siku hizo unatoka jimbo la Utah, Marekani. Katika mradi wa utafiti wa FORGE, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M waliwafundisha wachimbaji kufuatilia, papo hapo, nguvu inayotumika kuvunja mwamba. Nguvu ikipanda bila kasi kuongezeka, maana yake inapotea kwenye mtetemo au kwenye kekee iliyochakaa. Hapo mchimbaji hubadilisha uzito au mzunguko, na kekee ikitolewa, meno yake hukaguliwa ili kujua kilichoiharibu. Kwa mbinu hiyo na kekee zenye meno ya almasi bandia, graniti iliyoogopwa kwa ugumu wake ilianza kuchimbwa kwa kasi kubwa.

Kampuni ya Fervo Energy ilifuata njia hiyo jirani na hapo, kwenye mradi wake wa Cape Station. Mwaka 2024 ilitangaza kuwa muda wa kuchimba umepungua kwa asilimia 70 katika mwaka mmoja, na gharama ya kisima imeshuka kutoka dola milioni 9.4 hadi milioni 4.8.

Funzo kubwa hapa ni la watu. Kipimo kwenye skrini hakina faida ikiwa aliyeshika usukani wa mtambo haruhusiwi kuamua, au ikiwa zamu ya usiku haielezi zamu ya asubuhi ilichokutana nacho. Timu inayoandika kila tatizo na chanzo chake huchimba kisima cha tano kwa haraka kuliko cha kwanza. Ikivunjwa mradi unapokwisha, inayofuata huanza upya kwa gharama ileile.

Afrika Mashariki inao watu hao. Kampuni ya kufua umeme ya Kenya, KenGen, imepeleka wachimbaji wake Ethiopia na Djibouti, ushahidi kwamba ujuzi wa Olkaria ni bidhaa inayouzika. Tanzania, kupitia kampuni yake ya jotoardhi, TGDC, inalenga maeneo kama Ngozi mkoani Mbeya. Busara ni kuomba kumbukumbu na wakufunzi kutoka Olkaria kabla ya kununua chuma kipya.

Kwa hiyo mikataba ibadilike. Mkandarasi anayelipwa kwa siku tu hana sababu ya kuharakisha. Agawiwe sehemu ya akiba anayoileta, kwa masharti ya usalama yasiyolegezwa. Wafadhili nao watenge fedha za mafunzo na za kutunza takwimu za visima, na wazipe uzito uleule wanaoupa ununuzi wa mitambo.